Ukiandamwa Deira, Usimrushe Mtu Kwenye Magrupu

Tahadhari hii ni kwa Waafrika Mashariki mnaoishi Naif, Frij Murar, Al Rigga, Al Muraqqabat na vichochoro vyote vya Deira, Dubai. Mwanamume akianza kumwandama mwanamke, sisi tuna njia mbili tulizozizoea. Ya kwanza ni kikao: wakubwa wanakaa, wanamsema, anaapa, watu wanatawanyika. Ya pili ni kurusha picha yake, namba yake na sauti zake kwenye magrupu ya WhatsApp ili "ajulikane". Hiyo ya pili inaweza kumtia ndani yule aliyeandamwa kabla mwandamaji hajaguswa.

Sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu, Namba 34 ya mwaka 2021, ilianza kutumika Januari 2022. Kifungu cha 43 kinamwadhibu anayemtukana mtu mtandaoni, na faini yake ni kati ya dirhamu 250,000 na 500,000. Kifungu cha 44 kinakataza kupiga au kusambaza picha za mtu na mazungumzo yake bila ridhaa yake. Kwamba yeye ndiye aliyeanza hakukupi ruhusa. Ukimtukana kwenye WhatsApp, au ukimwanika kwenye grupu lenye watu mia mbili, umempa kesi ya kukufungulia. Na ukitulia, sheria hiyohiyo iko upande wako: kifungu hicho cha 44 kinamhusu pia anayefuatilia mtu yuko wapi kupitia simu, na cha 42 kinamhusu anayekutisha kwamba atatoa picha zako usipomrudia.

Kikao nacho hakitoshi. Madaktari wa Australia wakiongozwa na Paul Mullen waliandika mwaka 1999 kuhusu waandamaji waliowapima wenyewe, wakaona kwamba hawafanani. Yuko aliyeachwa na hataki kuachika, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi kwa kupiga na kujeruhi, maana anajua zamu zako, kitanda chako na siku yako ya off. Yuko mwingine aliyeshikwa na imani ya ugonjwa kwamba mwanamke asiyemjua kabisa anampenda kwa siri. Huyo wa pili ukimwitia wazee, anaondoka na uhakika kwamba anajaribiwa tu. Wa kwanza anaapa mbele yao, na kesho yake yuko kituo cha metro cha Baniyas Square anakusubiri.

Ndiyo maana London, mwaka 2006, polisi na madaktari wa akili waliwekwa ofisi moja kushughulikia watu waliowaganda viongozi na familia ya kifalme. Katika kesi zao 100 za mwanzo, watu 86 walikutwa na ugonjwa mzito wa akili, na wengi walipelekwa kutibiwa. Queensland, Australia, ilifuata mwaka 2013. Mwaka 2018 London ikaanzisha kitengo cha namna hiyo kwa ajili ya raia wa kawaida wanaoandamwa. Faida yake iko wazi. Polisi anajua mtu huyu ameonekana mara ngapi mlangoni. Daktari anajua kama ameacha dawa, na kama maneno yake ni hasira ya kuachwa au ni maradhi. Kila mmoja akiwa peke yake, hatari inapita katikati yao. Lakini tusigeuze jambo hili kuwa kunyoosha vidole kwa wagonjwa wa akili: wengi wao hawamwandami mtu, na waandamaji wengi wana akili timamu.

Kwetu tumeshazika. Agnes Tirop, mkimbiaji wa Kenya, aliuawa Iten, Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kushiriki Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Endebess tarehe 1 Septemba 2024, akafariki Eldoret siku nne baadaye. Baba yake Rebecca alisema walikuwa wamekwisha kumripoti polisi mtu aliyemchoma. Kwa hiyo ripoti moja haitoshi. Rudi tena kila anapofanya jambo jipya.

Hapa Deira kuna aibu nyingine ambayo hatuitaji: mwandamaji hulishwa habari na sisi wenyewe. "Yuko kazini, anatoka saa nne usiku." "Kahamia bedspesi ya Al Rigga." Anayesema hivyo kwa nia ya kupatanisha anamfungulia mlango. Nyamaza. Usipeleke salamu zake, wala zawadi zake, wala machozi yake.

Unayeandamwa, mwambie mara moja tu, kwa maneno mafupi, kwamba hutaki mawasiliano. Baada ya hapo usijibu. Usifute ujumbe wowote. Andika tarehe, saa na mahali alipotokea, upeleke polisi pamoja na simu yenyewe. Ukijua amewahi kutibiwa akili, au ameacha dawa, au anasema atajiua, liseme hilo kituoni waziwazi, uombe daktari ahusishwe. Dubai ina hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, Al Amal. Akianza kusema hana cha kupoteza, akiacha kazi ghafla, au akitaja kisu, usisubiri asubuhi.

Najua wapo wanaoogopa polisi kwa sababu viza imekwisha au wamemtoroka kafili. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Anza basi na ubalozi mdogo wa nchi yako (Kenya, Tanzania na Uganda zote zina ofisi Dubai), au na Dubai Foundation for Women and Children, inayohifadhi wanawake na watoto tangu mwaka 2007. Namba yake ni 800111. Polisi kwa hatari ya papo hapo ni 999, kwa mengine ni 901. Zihifadhi leo, na picha ya mtu iliyoko kwenye grupu lenu iondoeni sasa hivi.