Akili Mnemba Vyuoni: Mhadhiri Asihukumu kwa Dhana

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022, wahadhiri wa vyuo vikuu wanaishi na swali moja: kazi hii ameiandika mwanafunzi au ameandikiwa na mashine? Swali hilo limeshafika kwetu. Mwenye simu na bando anaipata programu hiyo akiwa kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), sawa na aliye Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro au Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu.

Mwaka 2023 UNESCO iliuliza shule na vyuo vikuu zaidi ya 450 duniani, na vilivyokuwa na sera au mwongozo juu ya akili mnemba havikufika asilimia 10. Pasipo na mwongozo, kila mhadhiri hujitungia sheria yake. Mmoja huruhusu, mwingine hupiga marufuku, na wa tatu hukaa kimya mpaka siku ya kutoa maksi.

Kuhusu udanganyifu, hukumu ya dini iko wazi. Kuwasilisha kwa jina lako kazi ambayo hukuifanya ni ghishi, na madhara yake hayaishii chuoni, kwani mwenye cheti hicho kesho atatibu wagonjwa au kufundisha watoto wetu. Lakini kumtuhumu mtu bila ushahidi nako ni dhulma, na hilo ndilo linalosahaulika katika mjadala huu.

Tumfikirie kijana wa Ilemba, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya uwanda wa Ufipa. Huenda amelelewa kwa Kifipa, akafundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa lugha ya masomo alipoingia kidato cha kwanza. Akifika chuoni huandika Kiingereza cha tahadhari, kwa maneno aliyoyazoea na sentensi alizokariri. Programu za kutambua maandishi ya mashine hupima, pamoja na mengine, jinsi maneno yanavyotabirika. Maandishi ya kijana huyu yanatabirika, basi yanatiliwa shaka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilithibitisha hili mwaka 2023. Walizijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Julai mwaka huo huo OpenAI, wenye ChatGPT, waliiondoa programu yao wenyewe ya utambuzi kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo. Je, ni haki kijana aliyesomeshwa kwa mpunga wa wazazi wake na mkopo wa Bodi adisko kwa neno la mashine kama hiyo?

Surat al-Hujurat, aya ya 6 na ya 12, inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu, na kujiepusha na dhana. Na katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Mtume (S.A.W.) kupita sokoni penye lundo la nafaka. Aliingiza mkono wake mwenyewe, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenye mali. Akajibiwa kuwa mvua imenyeshea. Hapo ndipo alipomkosoa kwa kutouweka unyevu juu watu wauone, na akakemea ghishi kwa ukali. Tazameni mpangilio wake: uchunguzi, swali, kisha hukumu.

Kwa msingi huo tunawashauri wahadhiri mambo manne. Kwanza, semeni wiki ya kwanza ya muhula, kwa maandishi, nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi katika kila kazi. Kurekebisha sarufi si sawa na kuandikiwa insha nzima. Pili, mtakeni mwanafunzi aeleze mwanzoni mwa kazi alipotumia akili mnemba, yaani unyevu uwekwe juu. Tatu, mkishuku, mwiteni aitetee kazi yake kwa mdomo, aonyeshe rasimu na vitabu alivyosoma. Programu hizi huzua marejeo yasiyokuwepo, na hata hadithi, hivyo aliyenakili bila kusoma atajulikana kwa maswali machache. Nne, matokeo ya programu ya utambuzi yasiwe ushahidi wa kutosha. Katika fiqhi mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye kudai, na hapa mdai ni mhadhiri.

Nanyi wanafunzi, hifadhini rasimu zenu, na msitegemee huruma ya mhadhiri kuficha mlichokinakili. Mwenye kuokoka katika mtihani wa chuo kwa ghishi bado ana hesabu mbele ya Allah (S.W.).

Wabillahi tawfiq.