Diski ya Kompyuta: Ipi Tuinunue?

Kila vijana wetu wanapokaribia kurudi vyuoni, wazazi hutuuliza suala moja: kijana anayo kompyuta mpakato ya zamani yenye kukokota, na muuza duka amemwambia abadili diski. Je, ni diski gani ifaayo, na ni pesa kiasi gani zilizo haki kutolewa? Suala hili si dogo kama lidhaniwavyo. Ndani ya diski ndimo yakaamo masomo ya mtoto, hesabu za duka la baba, picha za harusi, na katika nyumba nyingine sauti za darsa za babu ambaye amekwisha kutangulia mbele ya haki. Vitu hivi ni amana, na mwenye kununua chombo cha kuwekea amana yampasa akijue chombo chenyewe.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na uzito wake ulikaribia tani moja. Na juu ya ukubwa huo wote ilichukua herufi milioni 5 tu. Leo picha mbili tatu za simu hujaza nafasi hiyo.

Diski ya kuzunguka, ile waiitayo mafundi HDD, ni kizazi cha chombo hicho. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopakwa sumaku, ambazo katika kompyuta mpakato nyingi huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo chenye kusoma na kuandika, nacho hakiigusi sahani. Nafasi iliyo kati ya viwili hivyo ni nanomita chache tu, na unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo kwa maelfu ya mara. Mwenye kufahamu hayo hatastaajabu akisikia kuwa kompyuta iliyoanguka hali inafanya kazi imepoteza kila kilichokuwamo. Hatawaacha watoto kuibeba huku na huku ingali inawaka.

Aina ya pili ni SSD. Hii haina kitu chochote chenye kuzunguka, bali ni chipu za kumbukumbu ya flashi, ambayo asili yake ni kazi ya mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Tofauti ya mwendo baina ya aina hizi mbili ni kubwa mno, lakini haiko pale wauzaji waionyeshapo. Diski ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa yale yasomwayo yamepangwa safu moja. Ama kompyuta inapowashwa, haisomi kitu kimoja kirefu. Hutafuta maelfu ya vitu vidogo vilivyotawanyika. Kwa kila kimoja kichwa kile hakina budi kusafiri na kuingoja sahani izunguke, na safari hiyo huchukua kadiri ya sehemu 15 katika 1,000 za sekunde. SSD hukipata kitu hicho kwa kadiri ya sehemu 1 katika 10,000. Ni kama mtumishi wa ghala anayetumwa punje moja moja, ukimlinganisha na yule ambaye kila punje iko mbele ya mkono wake. Ndiyo maana kompyuta ya miaka kumi na zaidi, iliyokuwa ikichukua dakika nzima nzima kuamka, hugeuka kuwa nyingine kabisa itiwapo SSD. Kwa mzazi mwenye uwezo mdogo, hapana pesa ziletazo nafuu kuliko hizo.

Hapa ndipo wengi wanapotozwa zaidi ya haja yao. SSD zenyewe ziko za njia mbili: SATA, ambayo mwisho wake ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, na NVMe, ambayo hufika 3,500, na nyingine hata 7,000 na kupita. Kijana akisikia tarakimu hizo huitaka ile kubwa. Lakini kwa mwenye kuandika insha, kusoma vitabu, kusikiliza mawaidha na kufanya hesabu, sisi hatuoni faida ya kulipia tofauti hiyo. Aipate NVMe ikiwa bei ni sawa na kompyuta yake inaikubali. Akatazame kwanza: kompyuta za zamani zina nafasi ya inchi 2.5, yenye kimo cha milimita 7 au 9.5, na humo huingia SATA peke yake. Za sasa nyingi zina mlango wa M.2, ambao kipande chake cha kawaida ni milimita 22 kwa 80. Na yatakikana ijulikane kuwa kuna M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe, nazo hufanana kama mapacha. Fundi aifungue kompyuta kabla ya kununua, si baada. Na ziko kompyuta, kama nyingi za Apple za miaka ya karibuni, ambazo chipu zake zimeunganishwa moja kwa moja na ubao wake. Hizo hazibadilishwi, kwa hiyo nafasi ya kutosha hununuliwa siku ya kwanza.

Kwa ukubwa, gigabaiti 256 zamtosha asiyeweka filamu, na 512 ni wasaa. Mwenye kununua terabaiti 1 akaona Windows inamwambia 931 asimshitaki muuzaji, kwani kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1,024. Baiti ni zile zile trilioni moja. Wizi ulio wizi ni wa flashi na diski za nje ziuzwazo kwa bei ya kutupa, zimeandikwa terabaiti kadhaa, na ndani mna chipu ndogo iliyofunzwa kusema uongo. Hupokea kila kitu bila ya kulalamika, na ikijaa huandika juu ya yale ya mwanzo, au huyatupa yale mapya, na mwenyewe hana khabari. Qur'ani ina sura nzima iitwayo kwa jina la wenye kupunja vipimo, Al-Mutaffifin, na hatuoni kwa nini terabaiti iwe nje ya hukumu ya pishi na ratili. Programu za H2testw na F3 hutolewa bure, nazo huijaza diski yote kisha huisoma tena. Mnunuzi aipime ingali stakabadhi mkononi.

Turudi kwenye zile sauti za babu. SSD ni nzuri kwa kazi ya kila siku, lakini si kitu cha kufungiwa kabatini. Kipimo cha JEDEC, chama cha watengenezaji wa chipu, chadai kuwa SSD ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi kikomo chake ihifadhi yaliyomo kwa mwaka 1 bila ya umeme, katika joto la nyuzi 30. Na vyumba vyetu vya pwani miezi ya kaskazi hupita hapo. Tena SSD aghalabu hufa ghafula, hali diski ya kuzunguka mara nyingi hutoa sauti na ishara kabla, na fundi huweza kuokoa mengi. Kwa hiyo kwa kuhifadhi twapendelea diski mbili za nje za kuzunguka, ambazo pia ni rahisi kwa kila gigabaiti, moja ikae nyumba nyingine, na zote ziwashwe na kukaguliwa kila mwaka.

Limebaki jambo la diski kuukuu. Kufuta picha hakuziondoi katika diski ya kuzunguka. Huondoa jina tu, na mnunuzi yeyote mwenye programu ndogo aweza kuzitoa picha za mabinti wa nyumba. Diski hiyo iandikwe upya yote, kazi ya saa kadhaa, kabla ya kuuzwa. SSD haifutiki vyema kwa njia hiyo, kwa kuwa yenyewe huyahamisha yaliyomo. Itumike amri ya kufuta iliyomo katika programu ya kiwanda chake. Na ikiwa imekufa wala haiwaki tena, isiuzwe kwa bei yoyote: ifunguliwe, na chipu zake zivunjwe kwa nyundo moja moja.