Daftari la Wiki: Muhula wa Ugenini

Karibu wote waliokuja kunipa mkono tangu niliporejea Tanga kutoka Hamburg wameniuliza habari za baridi, na baadhi yao, kwa haki ya ujirani, wameniuliza nimewaletea nini. Walakini hapana aliyeniuliza nimesoma nini, nami siwalaumu, maana ada ya kwetu ni kumshukuru Mungu kwanza kwa siha ya msafiri, na elimu aliyoiendea ikangoja siku ya baraza. Basi siku hiyo na iwe leo.

*

Muhula wa baridi huanza Oktoba, na ifikapo Desemba jua la Hamburg huchwa saa kumi, wakati ambao kwetu watu ndio kwanza wanatoka kusali alasiri. Mja aliyezoea mchana na usiku kugawana sawasawa mwaka mzima hupatwa na huzuni asiyoijua asili yake. Maktaba, iliyokaa wazi hata usiku, ndiyo iliyoniponya.

*

Huko mhadhara ulioandikwa saa nne aghalabu huanza saa nne na robo, kwa ada kongwe ya vyuo vyao, na ukiisha wanafunzi hugonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo shukurani yao kwa mwalimu. Lililonigusa zaidi ni semina, ambamo mwanafunzi hupewa mada yake, akaitafiti peke yake na kuitetea mbele ya wenzake, ilhali mwalimu ameketi miongoni mwao akisikiliza. Na anayempinga mwalimu kwa hoja hahesabiwi kuwa amekosa adabu. Nimekulia katika madarasa ambamo kunyamaza ndiyo taadhima, na taadhima hiyo siidharau, lakini nina yakini kuwa swali halimvunjii mwalimu heshima.

*

Huko Hamburg nililizuru pia kaburi la Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, katika makaburi ya Ohlsdorf. Aliondoka Unguja mwaka 1866, na tangu hapo hakuiona tena ila kwa ziara.

*

Katika rafu za Kiswahili nilikikuta kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Bwana huyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na miongoni mwa wanafunzi wake, ambao wengine walikuwa wakijiandaa kuja kututawala, wakatokea waliokataa kumpa heshima ya mwalimu kwa sababu ya rangi yake, hata akaiacha kazi ile. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904; na mwaka uliofuata, aliposafiri naye kurudi kwao, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka nchini. Wakarejea Ujerumani, na huko ndiko alikofariki mwaka 1927.

Habari hizo zilinikaa moyoni muhula mzima. Mimi nilipewa ruhusa ya kwenda na ya kurudi kwa mihuri ya pasipoti, nikapokewa na jamaa zangu kwa furaha. Naye, aliyezihifadhi mila za pwani hii kwa kalamu yake, alinyimwa bandari za pwani hiyo hiyo. Dhuluma aliyotendewa haikuishia kwake, kwani sisi pia tulinyimwa elimu ambayo angeirudisha, na wanafunzi ambao angewasomesha hapa. Kwa hiyo naona kuwa anayejaliwa kurejea ana wajibu wa kuyasema aliyojifunza, na waliobaki nyumbani wana haki ya kumdai.

*

Wanafunzi wetu hulijua jina la Livingstone, ambaye maiti yake ilipitishwa Bagamoyo mwaka 1874. Nawasihi walimu wa Pwani, na hasa wa Bagamoyo yenyewe, wawasomeshe pia jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, na wakubwa wa elimu wakiweke kitabu chake katika maktaba za shule. Kimeandikwa kwa Kiswahili, wala hakihitaji mfasiri.