Yangeyange wa Texas

Wazazi na wanafunzi wetu wa Houston na Dallas, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei kuna wasafiri wanaopita juu ya mapaa yenu usiku mkiwa mmelala. Ni ndege wahamaji, wanatoka Amerika ya Kusini na ya Kati kwenda kutaga kaskazini. Wengi huondoka rasi ya Yucatán, Meksiko, jua likizama, wakavuka Ghuba karibu kilomita 1,000 za maji matupu, na kufika pwani ya Texas kesho yake mchana. Yumo mvumaji mwenye koo jekundu, gramu 3 hivi, naye huvuka maji hayohayo.

Pa kuwaona bila gharama kubwa ni Houston Arboretum, msitu wa ekari 155 ndani ya Memorial Park. Kuingia ni bure, maegesho ndiyo hulipiwa. Nendeni mapema, saa moja au saa mbili asubuhi. Msihangaike kumaliza njia zote. Simameni penye maji, nyamazeni dakika kumi, mtaona. Asiye na darubini asikae nyumbani: programu ya simu ya Merlin, itolewayo bure na Chuo Kikuu cha Cornell, husikiliza mlio na kumtaja ndege. Wenye gari waende High Island, ambayo si kisiwa bali kilima kidogo karibu na bahari. Mvua au upepo wa kaskazini ukiwakuta ndege njiani, hutua hapo kwa mamia, hoi, kwenye miti ya kwanza waionayo.

Hukohuko High Island, na hata kwenye miti ya chuo cha udaktari cha UT Southwestern, Dallas, waonyesheni watoto ndege mmoja wasiyehitaji simu kumjua: yangeyange. Ndiye yuleyule anayefuata ng'ombe kwetu akidonoa panzi. Hakuletwa na meli ya mtu. Alivuka Atlantiki kwa mabawa yake kutoka Afrika, akaonekana Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19, akafika Marekani miaka ya 1940 na Texas miaka ya 1950. Huku hufuata ng'ombe vilevile, na trekta pia. Majirani wengine hulalamikia harufu na kelele zake akijenga mtaani. Lakini sheria ya mwaka 1918 inamlinda: kiota kikishakuwa na mayai, hakiguswi bila kibali. Mtoto anayeona haya kusema Kiswahili mbele ya wenzake, hili jina atalisema kwa furaha.

Sasa jambo zito. Ndege hawa husafiri usiku, na taa za mji huwavuta na kuwapoteza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliitaja Chicago kuwa mji wa hatari zaidi kwao nchini, ikifuatiwa na Houston na Dallas. Usiku wa kuamkia Mei 4, 2017, kukiwa na dhoruba, ndege 395 waligonga jengo moja la ghorofa 23 mjini Galveston wakafa. Wenye jengo walizima taa zake za nje baada ya hapo. Ndiyo maana Texas inaombwa kuzima taa zisizo za lazima kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, hasa kati ya Aprili 22 na Mei 12.

Nyumbani ni taa ya baraza na mapazia tu. Lakini ndugu zetu wengi husafisha maofisi ya maghorofa usiku, na hao ndio wenye swichi mkononi. Mkimaliza ghorofa moja, ombeni ruhusa mzime kabla ya kupanda nyingine. Msimamizi asiyejua habari hii mwelezeni, bili ya umeme nayo itamshawishi. Safari ya kurudi kusini huanza Agosti, na ombi la taa hurudi nayo, Agosti 15 hadi Novemba 30.