Gereza Si Wodi: Mizani ya Haki Mahakamani na Kliniki

Kila daktari wa magonjwa ya kifua anamfahamu mgonjwa wa namna hii. Anaanza dawa za kifua kikuu, homa inakatika, uzito unarudi, naye anajiona amepona. Mwezi wa pili haonekani kliniki. Baadaye anarudi akikohoa, na safari hii ameongozana na mtoto anayekohoa pia. Nakiri kwamba mbele ya mtoto kama huyo nimewahi kutamani sheria imshike mzazi na kumlazimisha.

Nchini Kenya, mwaka 2010, sheria ilifanya hivyo. Wagonjwa walioacha dawa walifikishwa mbele ya hakimu mjini Kapsabet, naye, akitumia Sheria ya Afya ya Umma, akaamuru wakae gerezani miezi minane ili watibiwe. Walikaa siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuamuru watolewe. Mwaka 2016 Mahakama hiyo, kupitia kwa Jaji Mumbi Ngugi, ilitamka kwamba kuwaweka gerezani kulikiuka Katiba.

Wapo wanatiba wanaouona uamuzi huo kuwa ushindi wa uhuru wa mtu mmoja dhidi ya afya ya wengi. Kwa maoni yangu, sivyo. Mahakama haikukanusha kwamba mgonjwa anayeambukiza anaweza kutengwa. Ilichokataa ni gereza kufanywa wodi. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya inaruhusu haki kuwekewa mipaka, ila inataka ipimwe kwanza kama lengo lile lile lingeweza kufikiwa kwa njia isiyobana sana. Sisi matabibu tunalijua swali hilo: je, ipo dawa nyepesi zaidi inayotosha?

Swali hilo limevuka mipaka ya nchi. Mwaka 1958 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika shauri la mtu aliyenyimwa kibali cha kufungua duka la dawa, ilisisitiza kwamba uhuru wa kazi ubanwe kwa kiwango kidogo kabisa kinachotosha kulinda afya ya umma. Mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kuwa Sweden ilikosea kumtenga kwa nguvu mtu mwenye virusi vya UKIMWI, kwa kuwa hatua hiyo haikuwa kimbilio la mwisho. Kinyume chake, mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Cape Town iliruhusu wagonjwa wa kifua kikuu chenye usugu mkubwa wa dawa wazuiliwe hospitalini. Marekani ilikuwa na mkondo wake: mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliipa serikali nafasi pana kuhusu chanjo ya ndui, lakini adhabu iliyobishaniwa ilikuwa faini ya dola 5, si kifungo.

Hukumu zimetofautiana kwa sababu hatari na hatua zilizochukuliwa zilitofautiana. Mizani ya haki haina jibu lililoandikwa kabla ya mgonjwa kuonekana.

Hata Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 30, inaitaja afya ya jamii miongoni mwa sababu za kuwekea haki mipaka. Hivyo jambo hili linatuhusu, na linaanza kwetu kabla ya kumfikia jaji, kwa kuwa mahakama hutegemea maelezo ya mtoa huduma. Je, mgonjwa aliulizwa kwa nini aliacha dawa? Ilikuwa nauli, njaa, madhara ya dawa, kibarua au aibu? Je, alipewa msimamizi wa kumfuatilia nyumbani? Asiyeweza kuyajibu hayo hajafika mahali pa kuomba nguvu ya dola.

Haki ya mtoto yule ya kutoambukizwa ni haki kamili, na ipo siku itadai mzazi wake atengwe. Siku hiyo atengwe hospitalini, apate dawa na chakula, na amri hiyo iwe na tarehe ya kupitiwa upya. Gereza lililosongamana lisilo na hewa ya kutosha humweka mwenye vimelea karibu na wasio navyo, nao hurudi kwa watoto wao. Na jirani aliyemwona mgonjwa akichukuliwa na polisi atakificha kikohozi chake. Hapo tutakuwa tumeupoteza uhuru wa mmoja bila kuilinda afya ya yeyote.