Chama chenye meno, watoto wasio na meno

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Juzijuzi nilitumwa na mhariri wangu kwenye kongamano la wataalamu wa maji, katika hoteli moja pale Arusha. Begi la bure, kalamu ya bure, na mezani kila mtu na chupa yake ya maji ya dukani. Mada zikaja moja baada ya nyingine, kwa Kiingereza kizito: floraidi kwenye maji ya chini ya ardhi. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Nikatoka nje kutafuta vocha. Kijana aliyeniuzia akacheka, meno yake ya kahawia kama kutu. Nikamuuliza anachokijua kuhusu maji ya kwao. Akasema: "Sisi tunachemsha, kaka."

Hapo ndipo nilipochoka. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kuwa kali. Na magadi ya kulainishia maharage, yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya ukanda huo, nayo huwa nayo. Mle ukumbini kila mtu alilijua hilo. Hatua hamsini nje ya geti, hakuna.

Sasa tuulizane: chama cha kitaaluma kazi yake nini?

Msidhani nadharau vyama. Kile kitabu cha njia za kupima maji ambacho maabara nyingi duniani hukifuata kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1905, na hadi leo kinasimamiwa na vyama vya kitaaluma vya Marekani, si na wizara. Bila vyama, kila maabara ingepima kivyake. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini kupima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumwambia anayekunywa.

Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 za floraidi kwa lita, eti kwa sababu vyanzo vingine havikuwepo. Shirika la Afya Duniani linasema 1.5. Ule "muda" ulidumu miaka mingi, kikashuka hadi 4, na 1.5 tumeifikia kwenye viwango vya mwaka 2018. Hesabu wenyewe ni watoto wangapi wamekua hapo katikati. Meno huharibika yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi. Yakishaota hivyo, yameota. Kwenye floraidi nyingi zaidi hata mifupa hupinda.

Mtaalamu mmoja aliniambia pembeni: "Mdogo wangu, chama hakina meno. Mwenye mamlaka ni serikali."

Shikamoo mzee, lakini sikubali. Mhaidrolojia mmoja aliyeajiriwa akisema kisima fulani kisifunguliwe, kesho anahamishiwa mbali. Hilo naelewa, ana watoto wa kusomesha. Ndiyo maana kuna chama! Chama hakihamishwi. Chama hakina bosi wa kukikatia posho. Wanasheria wakitoa tamko, nchi nzima inasikia. Wa maji mbona kimya?

Siombi miujiza. Kila kisima kilichopimwa, namba yake ibandikwe pale pale kisimani, kwa Kiswahili. Kisima kikizinduliwa kwa ngoma na utepe huku kimezidi kiwango, chama kitoe tamko kwa jina lake. Na zile njia za kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, zilizofanyiwa kazi miaka mingi kituo cha Ngurdoto, wamama wafundishwe kwa lugha yao.

Kama hayo ni magumu, basi tusiite chama cha kitaaluma. Tuite kikundi cha chai.

Nimemaliza. Wahandisi mnaonisoma, nipigeni mawe, nipo.