BAISIKELI YA CHUMA NA KIMO CHA MWENYE KUIPANDA

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hilo lilisemwa juu ya nguo, lakini katika Kitui na Makueni lafaa pia kusemwa juu ya baisikeli. Wako watu wengi wapandao fremu iliyochaguliwa kwa mtu mwingine: kijana aliyerithi baisikeli ya babu yake, mama apandaye ya mumewe, na mwanafunzi aliyenunuliwa kubwa kupita kimo chake kwa tumaini kwamba atakua. Baada ya miezi michache magoti yauma na mgongo wauma, na baisikeli yaegemezwa ukutani mwa ghala. Kisha husemwa kwamba baisikeli za chuma ni mbaya, hali kosa si la chuma, bali ni la kipimo.

Yafaa kwanza msomaji akumbuke chombo hiki kilikotoka. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa na John Kemp Starley katika mji wa Coventry, Uingereza, mwaka wa 1885. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, akapata hati ya tairi lenye upepo. Tangu siku zile umbo la baisikeli halikubadilika sana.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, na kufika ziwani Kisumu mwaka wa 1901, ilipita katika Ukambani, nayo ikaacha stesheni kama Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Lakini Kitui haikupata reli, na hata huko Makueni mashamba mengi yalikuwa mbali na stesheni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipofyeka vichaka vya mbung'o na kuwapa wakulima makao mapya Makueni, mwenye kutaka kufika sokoni, shuleni au zahanati alikuwa na njia mbili: miguu yake, au magurudumu. Kwa hiyo mwalimu, karani, mhubiri na mwenye duka walijulikana kwa baisikeli zao nyeusi, na mtu aliweza kumtambua mwenzake kwa mlio wa kengele kabla hajamwona uso.

Baisikeli hizo nyingi zilikuwa za namna ya Raleigh, kutoka Nottingham, na baadaye zikaja nyingine zilizofanana nazo kutoka India na China. Kenya nzima waliipa jina la Black Mamba, kwa nyoka yule mwenye sumu kali. Magurudumu yake ni ya inchi 28, breki zake huvutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya, na keria yake ya nyuma ni ya kubeba mzigo wa kweli. Baisikeli nzima ina uzito wa karibu kilo 20.

Hata leo wapenzi wa baisikeli hizo wakikutana kivulini mwa duka la fundi, mabishano hayakosi. Kijana husema, “Mzee, chuma ni kizito. Tazama baisikeli hizi za aluminiamu zenye gia nyingi. Mtu hupanda nazo vilima vya Mbooni na Kilungu asishuke hata mara moja.” Mzee humjibu, “Mwanangu, ni kweli wapanda. Lakini fremu yako ikipasuka huko Mutomo, ni nani atakayeiunga?”

Wote wawili wana haki. Bomba la chuma likizidiwa mara nyingi hupinda au huonyesha ufa kabla ya kukatika, na fundi wa kuchomelea vyuma katika soko dogo aweza kuliunga. Aluminiamu yataka mtambo na ujuzi usiopatikana kila mahali, na ikichoka hukatika bila onyo kubwa. Lakini naye mzee hana budi kukiri ukweli. Baisikeli yake yenye gia moja yamshusha kila penye mlima, na breki zake hukamata vibaya sana rimu za chuma zinapolowa, hata mtu akitelemka wakati wa mvua yuko katika hatari. Wengine wamepata njia ya katikati: fremu ya chuma, na ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma gia tatu za namna ya Sturmey-Archer, zilizobuniwa Nottingham mwaka wa 1902. Gia hizo zimefunikwa, wala vumbi jekundu la Ukambani haliziingii kwa urahisi.

Sasa ni juu ya kipimo. Fremu hupimwa kwa urefu wa bomba linaloshika kiti, na baisikeli nyingi za kale zilikuwa za inchi 22 au inchi 24. Tofauti ya inchi mbili yaonekana ndogo dukani, lakini njiani ni kubwa. Mnunuzi na asimame wima juu ya baisikeli, amevaa viatu vyake vya kila siku, bomba la juu likiwa katikati ya miguu yake na nyayo zote mbili zikiwa chini. Pakibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yake na bomba, fremu yamfaa. Pasipobaki nafasi, aiache, hata kama bei ni nzuri na rangi yang'aa, kwa maana siku ya kusimama ghafula mbele ya ng'ombe ataumia vibaya.

Baada ya fremu hufuata kiti. Mpandaji aketi, aegemee ukuta, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyoka bila nyonga kuinamia upande mmoja, kiti kimefika mahali pake. Kisha akikanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Wengi hupenda kiti cha chini ili miguu yote miwili iguse ardhi, nao hulipa kwa magoti. Lakini nguzo ya kiti isivutwe juu kupita alama yake, wala pasiachwe kipande kifupi tu ndani ya bomba, kwa maana itaweza kuvunjika. Usukani nao uwe sawa na kiti, au juu yake kidogo kwa mzee na kwa mwenye kubeba mzigo.

Yapasa kukumbukwa kwamba fremu iliyo ndogo kidogo ina dawa, yaani kuinua kiti na usukani, lakini fremu iliyo kubwa mno haina dawa. Heri kuibadilisha na jirani mwenye miguu mirefu kuliko kumlazimisha mtoto aipande kwa kupitisha mguu chini ya bomba. Tena fremu ya bomba la kushuka, iitwayo ya kike, haina aibu kwa mwanamume. Yamfaa mzee ambaye nyonga zake zimekaza, na mama mwenye kanga. Ila haifai sana kwa mizigo mizito, kwa kuwa fremu ya namna hiyo huyumba zaidi.

Katika nchi nyingine mapenzi ya baisikeli yamewakusanya watu tangu zamani. Uingereza chama cha watembezi wa baisikeli kiliundwa mwaka wa 1878. Italia, katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti, tangu mwaka wa 1997 watu hukusanyika na baisikeli za mashindano zilizotengenezwa kabla ya 1987, wakapita barabara za changarawe. Kenya yenyewe ina sifa yake: David Kinjah, mkimbizaji wa baisikeli wa Kikuyu karibu na Nairobi, ndiye aliyemfundisha Chris Froome alipokuwa kijana, naye Froome akaja kushinda Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017.

Msafara wa Ukambani hautaki mashindano, bali wataka akili. Waondoke alfajiri, warudi au wapumzike kabla ya jua kuwa utosini. Kundi liende kwa mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, safari ya kilomita 36 ni saa tatu, na hapo bado hawajahesabu mapumziko. Kila mmoja awe na maji yake, na kundi liwe na pampu, spana, viraka na gundi, kwa maana miiba ya migunga na mbigili haimchagui mtu. Penye mchanga wa mto mkavu washuke wasukume. Katika barabara kuu ya Mombasa, yenye malori mengi mchana na usiku, waende mmoja nyuma ya mwenzake upande wa kushoto, na wenye kuchelewa wawe na taa mbele na nyuma. Kwa safari ya furaha, njia za ndani zisizo na malori ni bora.

Lakini jambo hili si la furaha tu. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, bodaboda zimejaa kila soko, nazo zimesaidia watu wengi. Ila pikipiki hunywa petroli kila siku, iwe mvua imenyesha au haikunyesha. Misimu mitano ya mvua ilipokosa kufuatana, tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hata mwisho wa 2022, nyumba nyingi hazikuwa na mavuno ya kuuza. Wakati kama huo baisikeli iliyofungwa jerikeni nne za lita 20 huleta kilo 80 za maji kutoka kisimani kwa jasho tu, pasipo senti ya petroli. Aliyekwisha kuiuza hurudi kubeba maji mgongoni, au humlipa mwenye punda.

Na nyingi zimeuzwa. Mnunuzi wa chuma chakavu hupita na mizani, naye huhesabu fremu kwa kilo kama misumari yenye kutu. Baisikeli iliyompeleka baba kazini miaka 30, na kuwalipia watoto karo, huondoka kwa bei ya unga wa siku chache. Kabla ya kukubali bei hiyo, mwenye nyumba na aitoe ghalani, aipanguse vumbi, aitazame kwenye viungo vya fremu kama pana ufa. Ikiwa hapana, ajue kwamba vingine vyote hubadilishwa: gololi, mnyororo, tairi, spoki, mipira ya breki. Kisha awaite watu wa nyumba yake mmoja mmoja, mama na binti pia, wasimame juu yake kama ilivyoelezwa. Yule ambaye vidole viwili vyapita kati yake na bomba la juu, huyo ndiye mwenye baisikeli. Na ikiwa hakuna hata mmoja, amtafute jirani imfaaye, wabadilishane, kabla mwenye mizani hajafika mlangoni.